Ukija Ufaransa na baiskeli, fuata herufi D

Kila ifikapo Mei naanza kupokea ujumbe wa aina moja. Ni jamaa wa nyumbani, wengine wakiwa Uingereza na Ujerumani: wamepata likizo ya wiki moja, baiskeli wanayo, wanataka kuja Ufaransa kupanda milima. Na wote hunitajia jina lilelile, Alpe d'Huez, mlima maarufu wa Alps. Nawaelewa. Wengi wetu tuliingia kwenye mapenzi ya Tour de France, mbio za baiskeli za kuizunguka Ufaransa, kupitia kwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyenolewa na David Kinjah kabla dunia haijamfahamu, kisha akaitwaa Tour mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Tulichokishika kwenye televisheni ni zile kona 21 na umati unaopiga kelele pembezoni.

Jibu langu halijabadilika, na leo naliandika lote mahali pamoja: siku zako chache usizimalizie Alps. Nenda Cantal, kwenye nyanda za juu za katikati ya nchi.

Alpe d'Huez nimeipanda. Ni karibu kilomita 14 kwa mwinuko wa wastani wa asilimia 8, na miguu inaijua kila mita. Lakini ile ni barabara pana ya kupelekea watu kwenye hoteli za michezo ya thelujini. Julai pikipiki zinakupita kwa makundi, magari ya kulala yanakohoa moshi mbele yako, na ukifika juu unakuta maduka ya fulana. Mlima wenyewe hauna kosa. Kilichonikosesha raha ni kwamba saa nzima sikusikia pumzi yangu mwenyewe.

Ufaransa ina zaidi ya kilomita milioni moja za barabara. Zile zinazoanza na herufi A ni za magari ya kasi, baiskeli hairuhusiwi kabisa. N ni barabara kuu za taifa, nazo zina malori. Utamu uko kwenye D, yaani barabara zinazotunzwa na département, mgawanyo wao wa utawala unaokaribiana na mkoa wetu. Kuna D pana, na kuna D ambazo magari mawili yakikutana mmoja lazima apande kwenye majani. Hizo nyembamba ndizo nazozungumzia. Zina lami, zina vibao, zinafika kila kijiji, na katika Massif Central, nyanda za juu za katikati ya nchi, unaweza kunyonga baiskeli nusu saa usipishane na gari hata moja.

Sasa Cantal yenyewe. Eneo lile ni mabaki ya volkano moja kubwa ya kale iliyolika kwa barafu na mvua. Ukitazama ramani utaona mabonde yametawanyika kutoka katikati kama spoki zinavyotoka kwenye kitovu cha gurudumu: Jordanne, Cère, Maronne, Alagnon na mengine. Ukishaelewa hilo umeelewa namna ya kupanga safari. Ukifuata bonde kutoka nje kwenda katikati, mwinuko ni wa taratibu, mto uko kando yako, halafu kilomita za mwisho barabara inainuka kwa ukali kweli. Ukitaka kuzunguka, unaruka kutoka spoki moja kwenda nyingine, na kila kuruka ni kupanda na kushuka. Siku ya kuzunguka ndiyo inayomaliza watu. Milima yenyewe si mirefu, ila haikupi tambarare ya kupumzikia.

Njia ninayompa kila anayeniuliza inaanzia Murat, ambako treni ndogo ya kutoka Clermont-Ferrand inasimama. Unakwenda Dienne, unaingia D680 na kupanda Pas de Peyrol, mita 1,589, njia ya lami iliyo juu kuliko zote za kuvuka milima katika Massif Central, chini kidogo ya kilele cha Puy Mary. Unashuka upande wa pili kwa D17 hadi Mandailles. Unapanda Col du Pertus («col» ni njia ya kuvuka mlima), unatokea Saint-Jacques-des-Blats, unapanda tena Le Lioran, kisha unateremka kurudi Murat. Jumla haifiki kilomita 80. Mtu aliyezoea barabara ya tambarare huiona namba hiyo akadhani ni ya asubuhi moja tu, na saa nane mchana yuko Mandailles amekaa kwenye ukuta wa mawe hana neno. Kipande kibaya ni cha mwisho, kwa sababu kuelekea Le Lioran unakutana na N122 na malori yake. Ukiona yamezidi, Saint-Jacques ina kituo cha treni, na hakuna aibu yoyote kuipanda.

Watazamaji wa Tour wanaijua milima hii hata kama majina yamewatoka. Kwenye Tour ya Julai 2024, mwendeshaji Pogačar alichomoka karibu na kilele cha Pas de Peyrol, mpinzani wake Vingegaard akamfukuza, akamkamata kwenye Pertus, kisha akamshinda kwa mbio za mwisho palepale Le Lioran. Waandaaji walirudi mkoani humo kwa sababu wanajua nguvu ya barabara hizi. Ila Tour ikishapita, kesho yake asubuhi wanabaki ng'ombe.

Na ng'ombe hao nataka niwaeleze vizuri. Wanaitwa Salers, jina la mji wa mawe meusi ulio upande wa magharibi wa Puy Mary. Rangi yao ni nyekundu iliyokolea kama udongo wa Lushoto baada ya mvua, nywele zimejikunja, pembe ndefu zimepinda juu. Asubuhi moja ya Juni nilisimama kando ya uzio kumeza ndizi, nikaona mkamuaji anamleta ndama, anamwacha anyonye kidogo, halafu anamfunga kwenye mguu wa mbele wa mama yake ndipo akamue. Ng'ombe wa Salers hashushi maziwa mpaka mtoto wake awe karibu. Yeyote aliyekulia kwenye boma lenye ng'ombe wa kienyeji analijua jambo hili, na mimi sikutegemea kulikuta huku. Jibini inayobeba jina la Salers hutengenezwa kuanzia katikati ya Aprili hadi katikati ya Novemba tu, ng'ombe wanapokula majani mabichi malishoni. Ukiwa na baiskeli harufu ya malisho hayo unaivuta kilomita kwa kilomita, na jioni unaikuta sahanini.

Lazima niseme kwa nini kumetulia hivi, maana utulivu huu una historia ya uchungu. Katika karne ya 19 Cantal ilikuwa na zaidi ya watu 200,000. Leo hawafiki 150,000. Walihama, wengi wao kwenda Paris, ambako watu wa Auvergne, eneo ambalo Cantal imo ndani yake, walijulikana kwa kuuza makaa na kufungua mikahawa. Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Katika kila kijiji, hata chenye nyumba kumi na tano, utakuta mnara wa majina ya waliokufa, na mara nyingi jina moja la ukoo limerudiwa mara tatu. Barabara zilichongwa kwa ajili ya mashamba yenye watu, watu wakaondoka, barabara zikabaki. Kwa hiyo ukikuta duka la mkate liko wazi, ingia ununue, hata kama begi lako limejaa. Jumatatu mengi hufungwa, na saa za mchana karibu kila kitu hufungwa, hivyo usipite mlango ulio wazi ukitegemea wa mbele.

Maji yako makaburini. Mara ya kwanza nilisita, kwetu mtu haendi makaburini kunywa. Lakini makaburi ya vijiji vya Ufaransa kwa kawaida yana bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wote wanalitegemea. Soma kibao kwanza: wakiandika «non potable», usinywe. Mimi hujaza chupa, nafunga bomba vizuri lisidondoke, natoa kofia, natoka polepole.

Ramani nunua ya karatasi. Hapa nina msimamo mkali. Programu za simu huwapeleka watu wote kwenye njia zilezile ambazo wengine wamekwisha kupita, na ndivyo barabara nzuri inavyogeuka foleni. Michelin, kampuni ya matairi yenye makao yake Clermont-Ferrand, hupaka barabara ndogo rangi ya manjano au nyeupe, na yenye mandhari nzuri huichorea ukingo wa kijani. Mwinuko unaonyeshwa kwa vishale: kimoja ni asilimia 5 hadi 9, viwili 9 hadi 13, vitatu zaidi ya 13, na vinaelekeza unakopanda. Kaa jioni na ramani mezani, tafuta nyeupe yenye ukingo wa kijani na kishale kimoja. Hiyo ndiyo kesho yako.

Wengi huniuliza Puy de Dôme, ule mlima wa mwaka 1964 ambapo Wafaransa wawili mahasimu wa Tour, Anquetil na Poulidor, walipanda bega kwa bega. Tour ilirudi pale 2023 baada ya miaka 35. Lakini siku za kawaida barabara ya kilele imefungwa kwa baiskeli, wamejenga treni. Inaniuma. Mlima uliojengewa jina na baiskeli ungepewa walau asubuhi moja kwa juma.

Tahadhari moja nimeilipia kwa ngozi. Kiangazi hukarabati barabara za D kwa kumwaga lami na kutupia kokoto ndogo juu, kisha magari yazikandamize yenyewe. Kibao kinaandikwa «gravillons». Nilikipita nikishuka kutoka Col de Finiels kule Lozère, nikafunga breki ndani ya kona badala ya kabla yake, gurudumu la mbele likateleza, goti na kiwiko vikabaki kwenye kokoto. Tangu siku hiyo navaa tairi za milimita 30 na nikiona neno hilo nashuka kama nimebeba mayai. Madereva, kusema haki, hawajanitisha: sheria inawataka waache mita moja na nusu wanapompita mwendesha baiskeli nje ya mji, na huko milimani wengi husubiri nyuma yako mpaka kona iishe.

Mwaka jana rafiki yangu wa Moshi alikuja. Siku moja alikwenda Alpe d'Huez, hakukubali kuikosa, mbili akakaa nami Cantal, mwezi wa Septemba. Siku ya pili tulishuka D17 ukungu ukiwa umejaa bonde la Jordanne chini yetu kama maziwa kwenye kibuyu, na tangu kileleni hadi Mandailles tulipishana na trekta moja. Alipofika nyumbani alinipigia. Picha za zile kona 21 alikuwa ameshazituma kwa kila mtu, hakuzitaja. Alitaka kujua ile barabara ya ukungu inaendelea wapi ikishapita Mandailles. Nikamwambia inafuata mto mpaka Aurillac, na kwamba kuanzia pale kuna nyingine nyeupe, yenye ukingo wa kijani, ambayo mimi mwenyewe bado sijaipita.