Zabibu haisubiri: nani anapanga bei Dodoma?

Gunia la mahindi likifika Kibaigwa na bei ikawa mbaya, mwenye gunia anaweza kulirudisha stoo akangoja. Soko hilo la wilayani Kongwa lina wauzaji wengi na wanunuzi wengi, na liko kando ya barabara ya Morogoro. Anayepunja leo, kesho atakimbiwa. Sasa nenda Hombolo au Mpunguzi msimu wa zabibu. Zabibu ikishaiva ina siku chache tu, na wenye matenki ya kuipokea, yaani wasindikaji wa mvinyo, ni wa kuhesabu. Hapo mkulima hauzi, anaomba apokewe.

Mchumi Mwingereza Joan Robinson alilichambua soko la namna hii tangu 1933: mnunuzi akiwa peke yake na akijua huna pa kwenda, hununua kidogo, tena kwa bei ya chini kuliko ambayo ushindani ungemlazimisha kulipa. Wakiwa watatu au wanne nafuu ni ndogo. Hawahitaji hata kukutana. Mmoja anatangaza bei, wenzake wanaifuata, kwa sababu kila mmoja anajua akipandisha wote watapandisha, na atakuwa amejiongezea gharama bure. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza makubaliano ya kupanga bei. Kutazamana si makubaliano.

Wasindikaji nao wana hoja, tena nzito. Matenki na mitambo ya kupoza ni mtaji mkubwa, na zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Katikati ya misimu mashine ya kukamua inakaa tu. Wachache ndio wanaomudu, kwa hiyo uchache wao peke yake si ushahidi wa njama. Na yule mchuuzi anayekuja na keshi na bei tamu, akachukua kreti zake za kuuza barabarani, hana la kufanya na tani zinazobaki.

Ninapoachana nao ni kwenye kodi. Kwa miaka mingi mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini umetozwa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko wa kutoka nje, na anayetajwa kila mara ni mkulima. Nafuu hiyo huingia kiwandani kwanza. Itafika shambani iwapo tu viwanda vinagombea zabibu. Visipogombea, itaishia hukohuko.

Wengi wanadai bei elekezi. Sioni itasaidia nini, maana mnunuzi asiyeitaka atajibu kwamba tenki limejaa, basi. Naegemea matenki ya wakulima wenyewe, kupitia ushirika. Wakikamua na kuhifadhi mchuzi, yaani maji ya zabibu, wanaweza kungoja kama mwenye mahindi wa Kibaigwa. Ila wanunuzi wa mchuzi ni walewale wachache, na mtambo wa kupoza ukizimika kwa sababu ushirika haujalipa umeme, kilichomo tenkini ni siki, ambayo mnunuzi wake hata mmoja sijamwona.