Umeme wa senti 87, hasara ya karibu tani ya plastiki

Wenye viwanda vya plastiki wana lalamiko ambalo halikuisha hata baada ya Bwawa la Julius Nyerere, Tanzania, kuanza kuingiza umeme kwenye Gridi ya Taifa Februari 2024: mashine bado zinazimika. Bwawa lina uwezo wa megawati 2,115, na mgawo wa mwishoni mwa 2023 watu wameanza kuusahau. Lakini kwenye laini ya mabomba taa zinafifia kidogo, kontakta (swichi za sumaku zinazowasha mota) zinaachia kwa kishindo, skrubu inayosukuma plastiki inasimama, na kazi ya asubuhi nzima inaishia kwenye rundo la kusaga upya. Mwenye kiwanda anapiga simu kwenye shirika la umeme, anaambiwa umeme haujakatika. Wote wawili wanasema kweli.

Kilichotokea ni kuyumba, yaani mshtuko mfupi wa volteji kushuka. Njia ya msongo wa kilovolti 33 ikipata hitilafu kilomita kadhaa kutoka kiwandani, labda tawi limeangukia waya, gari limegonga nguzo, au vikombe vinavyoshikilia waya kwenye njia ya pwani vimeshika chumvi ya bahari, umeme mwingi hukimbilia kwenye hitilafu. Volteji hushuka kwenye njia zote zinazotoka kituo hichohicho cha kupoza umeme, mpaka breka ya njia yenye hitilafu ifunguke. Kiwanda kilicho kwenye njia nzima hakikatiwi chochote. Kinapata volteji pungufu, pengine asilimia 60 ya kawaida, kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa umeme wetu wa hezi 50, hiyo ni mizunguko mitano. Megawati za bwawa hazizuii tawi kuangukia waya, ndiyo maana umeme kuwa wa kutosha hakujawaponya watu wa plastiki.

Kuna hesabu moja nataka tuikalie, kwa sababu bila hiyo mjadala huu hubaki malalamiko matupu. Tuseme kiwanda kina laini ya mabomba ya PVC inayovuta kilowati 200 na kutoa kilo 300 kwa saa. Tuiweke hali mbaya kupita kawaida, volteji ianguke hadi sifuri kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Nishati iliyokosekana ni kilojuli 20, yaani uniti 0.0056. Kwa shilingi 157 kwa uniti, bei ambayo EWURA, mdhibiti wa nishati, iliidhinisha mwaka 2016 kwa wateja wa msongo wa kati, umeme huo una thamani ya senti 87. Haufiki shilingi moja.

Sasa tuangalie sakafuni. Skrubu imesimama ikiwa imejaa PVC ya nyuzi joto zaidi ya 180. Pampu ya kuvuta hewa, inayolishikilia bomba bichi kwenye umbo lake ndani ya tangi la maji, nayo imesimama, kwa hiyo bomba limebonyea na kukwama. PVC haina subira: ikikaa kwenye joto hilo bila kusogea huanza kuoza, inageuka njano, kahawia, kisha nyeusi, na kutoa gesi ya kloridi hidrojeni ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi inayokula chuma. Fundi akiwahi ndani ya dakika chache, anawasha na kuendelea. Akichelewa, kichwa cha mashine kinafunguliwa kikiwa cha moto na kukwanguliwa kwa vyombo vya shaba, kisha kinafungwa, kinapashwa, na laini inavutwa upya. Saa tatu zikipotea, kilo 900 hazikutengenezwa. Ikitokea mara mbili kwa mwezi, ni tani 1.8, mbali ya malighafi iliyoungua na kichwa kilicholika. Wa polyethilini wana nafuu kidogo kwa sababu plastiki yao huvumilia kukaa kwenye joto, ingawa anayepuliza filamu ya mifuko akiona puto lake limeanguka atakwambia nafuu hiyo ni ndogo.

Senti 87 dhidi ya kilo 900. Hasara kubwa namna hiyo haiwezi kuwa imesababishwa na ukosefu wa nishati. Kuna kitu kingine ndani ya kiwanda kinachoigeuza senti kuwa tani, na kitu hicho mara nyingi ni koili ya kontakta.

Kontakta ya AC hushikiliwa na sumaku inayolishwa na umeme uleule unaoyumba. Kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi, IEC 60947-4-1, kinairuhusu iachie popote kati ya asilimia 75 na 20 ya volteji yake. Kwa hiyo kontakta mbili zilizopangwa bega kwa bega kwenye paneli moja zinaweza kufanya mambo tofauti kwa mshtuko uleule: ya skrubu ikashika, ya pampu ikaachia. Mota zenyewe zingeweza kupita mizunguko mitano bila shida. Hita ndiyo kabisa, kwani chuma kizito cha silinda hakipoi kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Laini nzima inaangushwa na vifaa vidogo vya kuendeshea, ambavyo vyote pamoja havitumii umeme wa birika la chai.

Mwenye kiwanda ana hoja, na ni nzito. Kila mwezi analipia uniti, na juu yake analipia mahitaji ya juu kwa kila kVA. Anauliza kwa nini anunue dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Shirika likikata miti kwa wakati na kuosha vikombe vya njia za pwani, mishtuko itapungua. Relei za ulinzi, yaani vifaa vinavyoamuru breka ifunguke, zikipangwa vizuri ili hitilafu iondolewe kwa sekunde 0.1 badala ya 0.5, mishtuko itakayobaki itakuwa mifupi. Hayo yako mikononi mwa shirika peke yake, na hakuna fundi wa kiwandani anayeweza kuyafanya akiwa upande wa pili wa mita.

Tena kuna jambo linalomwumiza zaidi: mishtuko yake haihesabiwi popote. Mashirika ya umeme duniani hujipima kwa SAIFI na SAIDI, yaani mteja amekatikiwa mara ngapi na kwa muda gani. Kwa kiwango cha IEEE 1366, kinachoingia kwenye hesabu hizo ni kukatika kunakozidi dakika 5. Shirika linaweza kutangaza mwaka mzuri kuliko yote huku kiwanda cha mabomba kikiwa na mwaka wake mbaya kuliko yote, na pasiwe na aliyedanganya.

Hata hivyo, anayedhani Ulaya wamelimaliza tatizo hili na asome EN 50160, kiwango chao cha ubora wa umeme. Toleo la 1999 halikuweka kikomo cha mishtuko. Lilisema tu kwamba mteja anaweza kutarajia kuanzia makumi machache hadi elfu moja kwa mwaka, mingi ikiwa chini ya sekunde moja. Elfu moja! Nchi zenye pesa na nyaya za chini ya ardhi ziliandika hivyo bila aibu, kwa sababu mtandao ulio wazi kwa radi, miti na magari lazima uyumbe. Kinachobaki ni kuamua nani abebe kustahimili, na wenye viwanda vya chipu za kompyuta waliamua zamani. Kupitia kiwango chao cha SEMI F47 waliwabana watengeneza mashine: mashine lazima iendelee kufanya kazi volteji ikishuka hadi asilimia 50 kwa sekunde 0.2, asilimia 70 kwa sekunde 0.5, na asilimia 80 kwa sekunde nzima. Watu wenye hasara kubwa kuliko ya mabomba yetu hawakukaa kusubiri gridi itulie.

Ndiyo maana upande ninaoona hausikilizwi ni ule wa mhandisi au fundi umeme wa kiwanda mwenyewe. Maombi yake ni madogo mno kiasi kwamba hayapewi uzito kwenye kikao cha bajeti. Anataka saketi za kuendeshea zilishwe na volti 24 DC kutoka kwenye kifaa kinachokubali volteji ya kuingia kuanzia 85 hadi 264, chenye betri ndogo au kapasita nyuma yake, na koili za kontakta muhimu ziwe za DC hiyohiyo. Anataka relei ya kulinda fezi, ambayo aliyefunga paneli aliipanga iangushe papo hapo, icheleweshwe kidogo. Anataka apewe siku moja ya kupitia mipangilio ya inveta, vifaa vinavyoongoza kasi ya mota, maana nyingi za kisasa zinaweza kuvumilia volteji ikishuka kisha kuidaka mota ikiwa bado inazunguka, ila mpangilio huo haujawashwa. Kwenye skrubu faida yake si kubwa kwa sababu plastiki nzito huisimamisha haraka. Kwenye feni na pampu inaonekana wazi. Na kwa mashine ya mtumba yenye paneli ya zamani, kazi huwa ni kubadilisha koili na kuvuta waya upya, basi.

Jibu analopewa ni kwamba kiwanda tayari kina jenereta.

Sina ugomvi na jenereta. Umeme ukikatika kwa saa mbili ndiyo inayookoa kiwanda, na Aprili mosi 2024, Gridi ya Taifa ilipopata hitilafu, waliokuwa nayo walifurahi kuwa nayo. Lakini jenereta ya kusubiri huhitaji sekunde kadhaa, mara nyingi kama kumi, kuwaka, kutulia na kupokea mzigo. Mshtuko wa mizunguko mitano unakuwa umekwisha kabla injini haijapata amri ya kuwaka. Pengine haiwaki kabisa, kwa sababu swichi ya kuhamisha umeme nayo inaona kwamba umeme upo. Inanunuliwa kwa sababu inaonekana: mgeni anaonyeshwa, benki inaikubali kama mali, na ikiunguruma kila mtu anajua tatizo limeshughulikiwa. Kifaa cha volti 24 ndani ya paneli hakiungurumi.

Hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya fundi huyu haitoki kwa mwenye pesa. Inatoka kwa watu wa usalama. Kontakta kuachia umeme unapoanguka ni ulinzi wa zamani na wa maana: mashine isijiwashe yenyewe umeme unaporudi wakati mtu ameshaingiza mkono. IEC 60204-1, kiwango cha umeme wa mashine, inasisitiza hivyo, na iko sahihi. Fundi anayeelewa kazi yake hatagusa saketi ya kusimamisha dharura wala milango ya ulinzi. Ataipa mashine dirisha la sekunde moja hivi ya kutosimama. Likipita, kila kitu kinaachia na mtu lazima abonyeze kitufe mwenyewe. Kutosimama ni jambo moja na kujiwasha ni jingine, lakini kwa fundi mzembe tofauti hiyo inaweza kupotea kwenye mpangilio mmoja wa inveta, na atakayelipa ni mfanyakazi. Hoja hii siwezi kuipuuza, na kiwanda kisicho na mtu wa kuisimamia ni afadhali kiendelee kukwangua vichwa vya PVC.

Kwenye viwanda vya mpira tahadhari hiyo ni kali zaidi. Kinu cha roli mbili cha kukandia mpira ni kati ya mashine zilizokula mikono mingi tangu karne ya 19. Kanuni ya Marekani ya usalama kazini, OSHA 1910.216, inataka kinu chenye kasi ya uso ya mita 30 kwa dakika kisimame kabla roli haijasogea zaidi ya sentimita 3.75 hivi tangu mfanyakazi avute upau wa usalama. Breki inayotegemea kugeuza mwelekeo wa mota huhitaji umeme wa gridi ili ifanye kazi. Gridi ikiondoka, breki imeondoka nayo. Hapa mhandisi wa umeme anawaza kinyume cha alivyowaza kwenye ekstruda, ile mashine ya skrubu ya mabomba: kwanza ahakikishe kinu kinasimama bila gridi, kwa breki ya springi au chanzo chake chenyewe, ndipo afikirie namna ya kukifanya kisisimame ovyo. Naye hana muda wa kutosha, kwani mchanganyiko uliokwama kwenye mashine ya kukandia ukiwa wa moto na tayari una salfa unaweza kuanza kuiva humohumo. Tanzania ilikuwa na kazi hii kwa ukubwa pale General Tyre Arusha, mpaka uzalishaji uliposimama mwishoni mwa miaka ya 2000.

Tukirudi kwenye mabomba, kuna suala la fidia. Anayetaka kulidai shirika lazima athibitishe volteji ilishuka lini, kwa kina gani na kwa muda gani. Kwa hilo anahitaji kifaa cha kurekodi kwenye swichi yake kuu. Wanaokifunga hugundua jambo lisilopendeza: baadhi ya mishtuko inatoka humohumo ndani. Mota kubwa ya kusagia mabaki ikiwashwa moja kwa moja bila kianzishi laini huvuta mara sita hadi nane ya mkondo wake wa kawaida, na kwenye transfoma iliyojaa hiyo inatosha kutikisa laini ya jirani yake. Hilo halilifuti deni la shirika. Linapunguza tu ukubwa wa faili la madai.

Na deni lenyewe, kwa maoni yangu, linaanza na takwimu. Relei za kidijitali kwenye vituo vya kupoza umeme hurekodi kila hitilafu: saa, kina cha volteji, muda mpaka breka ilipofunguka. Mteja wa msongo wa kati akipewa rekodi ya kituo chake kila mwezi pamoja na ankara, mhandisi wake atajua kama tatizo lake ni asilimia 70 kwa sekunde 0.1 au asilimia 40 kwa sekunde 0.6. La kwanza linatibika kwa volti 24 na betri ndogo. La pili halitibiki hivyo, na hapo mwenye kiwanda atakuwa na haki ya kugonga meza ya shirika, akiwa na karatasi ya shirika lenyewe mkononi.