Kiraka kinachoozesha jirani: zege la pwani na zile dawa za bei mbaya

Kuna ghorofa moja Upanga, Dar es Salaam, jina silitaji, ukisimama barabarani ukaangalia juu unaona balkoni zake zimejaa viraka, kimoja kijivu cheusi, kingine kijivu cheupe, kingine kina rangi ya mchanga, na pembeni ya karibu kila kiraka kuna ufa mpya unaotiririsha kutu ukutani kama mtu kamwaga chai ya rangi. Mwaka juzi nilipandishwa pale na nyundo kwa sababu kamati ya wenye flati walitaka mtu awaambie kama fundi wao aliwaibia. Fundi hakuwaibia. Nikigonga kiraka chake kinalia "ting", zege zima kabisa, nikisogea sentimita kumi pembeni panalia "bwu", ndani pameshabanduka.

Hapo ndo kwenye ubishi wenyewe. Kuna watu, na ni wengi, wanasema hizi material za kisasa za kukarabati zege, mota maalum (mchanganyiko wa saruji na mchanga) za kwenye mifuko midogo, epoksi (gundi ngumu ya kemikali), vitambaa vya kaboni vya kubandika juu ya zege kuliongezea nguvu, vidonge vya zinki, nondo za stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi), zote ni biashara ya wauza maduka na mainjinia wanaotafuta chao, zege ni zege, chukua saruji na mchanga piga kiraka maisha yaendelee. Wengine wanasema bila hizo dawa unatupa hela baharini. Mimi naegemea kwa hawa wa pili, sifichi, ila sio kwa sababu wanazotoa wauzaji, na wauzaji kwa kweli ndo wameiharibia hii hoja jina.

Ngoja nieleze kwanza inakuwaje fundi mzuri na kiraka kizuri wanazaa ufa pembeni, maana hiki kitu wanakikosea hadi watu wenye vyeti. Nondo ndani ya zege haishiki kutu kwa sababu zege lina ukali wa alikali, pH, yaani kipimo cha huo ukali, inacheza kwenye 12.5 mpaka 13, na kwenye ukali huo chuma kinajivika ngozi nyembamba kinatulia. Chumvi ya bahari ikipenya mpaka kwenye nondo inaitoboa ile ngozi hata kama zege lenyewe bado kali. Kutu inavimba, inachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, zege linakosa pa kwenda linapasuka. Mpaka hapo wengi mnajua. Sasa kinachosahaulika ni kwamba kutu ni umeme. Ile sehemu inayooza inatoa umeme, nondo za jirani zinaupokea, na kwa kuupokea zinakingwa. Yaani ile nondo iliyoliwa pale katikati ya balkoni miaka yote ilikuwa inakufa kwa niaba ya wenzake. Anakuja fundi, anachonga zege bovu, anasugua nondo mpaka inang'aa, anajaza zege jipya lisilo na chumvi hata chembe. Ile nondo imepona, hongera. Lakini za pembeni bado zimelala kwenye zege la zamani lenye chumvi tele, na mlinzi wao ndo huyo kaondolewa, tena mbaya zaidi aliyepona sasa amegeuka kuwa mpokeaji, anawanyonya wao. Mwaka mmoja, miwili, mitatu, ufa unatoka ukingoni mwa kiraka. Unapiga kingine, ufa unahama. Balkoni moja pale Upanga nilihesabu viraka vitano vimefuatana kama nyayo za mtu anayetembea kuelekea ukutani.

Viraka vitano. Naomba tukae hapo kidogo, maana hesabu ya bei huwa inapigwa vibaya sana. Watu wanalinganisha mfuko na mfuko, saruji ya kawaida shilingi kadhaa, mota ya ukarabati mara nyingi ya hiyo, na mjadala unaishia hapo. Lakini ukarabati wa ghorofa sio mfuko. Ni jukwaa kusimamishwa toka chini, ni vibarua, ni kuchonga kwa tindo siku nzima, ni kelele, ni mwenye flati kuhamisha nguo na majiko, ni kubeba kifusi kushusha, ni kupaka rangi upya. Mfuko ni kipande kidogo cha hiyo bili. Sasa hiyo bili yote, jukwaa na vibarua na kifusi, wameilipa mara tano kwenye balkoni moja, na kila mara walikuwa na uhakika wanabana matumizi. Nikimwambia mtu hivi anacheka, halafu anauliza tena bei ya mfuko.

Niwape haki yao wale wa saruji ya kawaida, maana wana hoja na sio ndogo. Kwanza, ile mota ya bei mbaya peke yake haiponyi huu ugonjwa. Inashika vizuri, hainywei sana ikikauka, ukiibandika chini ya slabu haidondoki kichwani kwa fundi, sawa, lakini chumvi iliyoko kwenye zege la jirani haijaigusa, kwa hiyo ufa utahama vilevile. Nimeona hoteli ya ufukweni wamenunua mifuko iliyotoka nje ya nchi na baada ya misimu miwili ya masika wako palepale. Anayesema "tulinunua ile nzuri na ikapasuka" hasemi uongo, aliuziwa dawa ya jeraha wakati anaumwa damu.

Pili, kuna kashfa ya Florida, Marekani, na hii kila muuzaji angepaswa kuikariri. Madaraja ya visiwa vya Florida Keys yaliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, likiwemo Seven Mile Bridge, yaliwekewa kwenye nguzo zake nondo zilizopakwa epoksi, ndo ilikuwa teknolojia ya juu wakati huo. Kufika 1986 nguzo zilikuwa zinapasuka kwa kutu, miaka michache tu, kwenye nchi yenye maabara na wakaguzi wa kila aina. Ile ngozi ya epoksi ilikuwa na mikwaruzo na sehemu imeachia, unyevu na chumvi vikaingia chini yake, nondo ikaozea ndani ya koti lake. Tatu, na hii ndo ngumu kuijibu, chumvi inavyosafiri kwenye zege muda wake unaenda kwa kipeo cha pili cha unene wa kava, lile zege linalofunika nondo, yaani nondo ikifunikwa na milimita 25 badala ya 50 chumvi haifiki kwa nusu ya muda, inafika kwa kama robo. Na tofauti ya 25 na 50 inaletwa na nini? Na biskuti. Vile vikete vya saruji vya kuinua nondo kwenye boksi la mbao la kumwagia zege, ambavyo fundi anavitengeneza mwenyewe saiti kwa saruji iliyobaki, na ambavyo nusu ya saiti za huku kwetu wanaweka vipande vya kokoto badala yake halafu mtu wa toroli anapita juu nondo inalala chini kabisa. Anayesema tuanze na biskuti, maji yasiyo ya chumvi na kumwagilia zege siku saba kabla ya kuongelea kaboni, namvulia kofia.

Ila angalia hiyo hoja ya tatu inaongelea jengo gani. Jengo ambalo halijajengwa! Biskuti haiingii kwenye balkoni ya 1970. Kwa aliyerithi zege lenye chumvi, ushauri wa biskuti ni kama kumwambia mtu mwenye kisukari angezaliwa na wazazi wengine.

Na kwa huyo dawa ipo, na wala sio ya ajabu, mafundi boti wa pwani wanaijua kuliko mainjinia wa majengo. Boti yenye injini, angalia chini karibu na propela, kuna kipande cha zinki kimefungwa. Zinki inaliwa, propela inapona, zinki ikiisha unafunga nyingine. Humphry Davy aliwapa wazo hilo jeshi la majini la Uingereza 1824 ili kuokoa shaba iliyofunika merikebu zao, na shaba ikapona kweli, ila chaza na mwani vikaanza kujishikiza kwenye merikebu kwa sababu shaba isiyoliwa haitoi sumu tena, wakaliacha (hata dawa inayofanya kazi ina makandokando yake). Mwishoni mwa miaka ya 1990 huko huko Uingereza wakaanza kuuza vidonge vya zinki vya ndani ya zege, kitu cha kuenea kiganjani, zinki imezungukwa na mota maalum ya kuifanya iendelee kuliwa, na waya mbili zinatokeza. Unavifunga kwenye nondo ukingoni mwa kiraka, palepale ambapo ufa ungetokea, halafu unajaza zege. Umepeleka mhanga mpya mahali pa yule uliyemuondoa. Nilipomuonyesha fundi wa Upanga alikishika, akakigeuza, akasema "kumbe hii ni zinki ya fiba", yaani ya boti, na kuanzia hapo hakuna nilichohitaji kumfundisha.

Kidonge hiki kina mipaka. Kinaisha, baada ya miaka kumi na kitu utarudi tena. Nondo zisiposhikana vizuri ndani umeme haupiti, lazima upime na mita kabla, na fundi akikitumbukiza bila kufunga waya sawasawa umezika hela tu. Lakini angalau kinajibu swali lenyewe.

Vitambaa vya kaboni ni habari nyingine na huko nina wasiwasi kidogo. Sio kwamba havifanyi kazi, daraja la Ibach kule Lucerne Uswisi liliimarishwa 1991 kwa kilo 6.2 za kaboni mahali pa kilo 175 za chuma, hakuna crane kubwa. Shida ni kwamba gundi yake ya epoksi inalegea kwenye nyuzi 60 hadi 80 hivi, kwa hiyo moto wa jikoni tu ni swali la kujibiwa, na shida kubwa zaidi ni watu wanaokibandika juu ya zege linaloozea ndani, panapendeza, hauonekani hata ufa, huku nondo inaliwa gizani. Zile bakteria za Henk Jonkers wa Delft za kuziba nyufa ni kitu kizuri sana, lakini zaidi ni za zege jipya na ufa mwembamba, tuwaache wapumzike.

Stenlesi ndo inayonitoa machozi. Pale Progreso, Yucatán, Mexico, kuna gati limejengwa kati ya 1937 na 1941, wajenzi waliona kokoto ya hapo ya chokaa ina matundu na bahari ni kali, wakaweka nondo za stenlesi. Bado lipo. Pembeni yake kuna mabaki ya gati lililojengwa miongo kadhaa baadaye kwa nondo za kawaida, limebaki visiki majini. Bahari moja, chumvi moja. Kuta za Kilwa nazo zimesimama karne kwa karne, watu wanasema ni ujuzi wa chokaa na matumbawe, na ni kweli, ila pia hazina nondo, hakuna cha kushika kutu. Sisemi nyumba nzima iwe stenlesi, hakuna anayeweza. Nasema zile nondo za juu za balkoni zinazotazama bahari, ambazo zikikatika balkoni inakuja chini, hizo ni kilo ngapi kwenye jengo zima?

Kamati ilikaa kwenye paki, kwenye viti vya plastiki. Niliwaambia habari ya Surfside, Florida, Juni 2021, jengo la Champlain Towers South lilivyoanguka na kuua watu 98 huku wenye flati wakiwa wamebishana miaka kuhusu bili ya ukarabati, makadirio ya 2018 yalikuwa zaidi ya dola milioni 9 na hadi 2021 yalifika kama milioni 15. Sio kutu peke yake iliyoliangusha, jengo lilikuwa na matatizo toka kwenye michoro, na nililisema hilo pia. Bi mkubwa mmoja wa ghorofa ya tatu alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwanangu, nimekuelewa. Lakini hiyo zinki yako ni ada ya mjukuu wangu muhula mzima, na huyo anaanza Januari." Sikuwa na jibu la kihandisi.

Wakakubaliana balkoni mbili za upande wa bahari ziwekewe zinki, zilizobaki fundi apige kama alivyozoea. Sasa hivi ni kama miezi kumi na nane. Zile mbili bado zinalia "ting" pande zote. Kati ya zile nyingine moja imeanza kulia "bwu" kushoto, karibu na bomba la maji ya mvua. Balkoni mbili hazithibitishi kitu na hilo bomba lenyewe linavuja, kwa hiyo nimepachora chaki nikaandika tarehe, masika yakiisha nitapanda tena.