Seli za M: soja wa utumbo ama geti imeachwa wazi?

Jumapili tulikuwa kwa shangazi pale Umoja, ugali na matumbo mezani, na binamu yangu anayesomea mambo ya maabara akaamua kutuharibia chakula. Akainua kipande cha matumbo kile kiko kama taulo akasema hii ni ya tumbo kubwa la ng'ombe lakini hata utumbo mdogo wa binadamu uko na manyoya hivi ndani, madogo sana, halafu kuna sehemu ziko na kipara. Na kwa hizo vipara ndio kuna seli inachukua bakteria kwa chakula na kuipitisha ndani ikiwa hai. "Sasa nani alitengeneza hiyo? Ni kama soja anafungulia mwizi geti na kumbebea begi." Watu wakacheka, shangazi akamwambia ale anyamaze, lakini mimi hiyo swali ilinikaa nikaenda kusoma.

Kwanza hajadanganya. Hizo vipara zinaitwa mabaka ya Peyer, kwa jina la daktari wa Uswisi aliyeyaeleza 1677. Seli yenyewe ni seli ya M, jina lilitokana na mikunjo midogo iko juu yake (bahati nzuri hata kwa Kiswahili inaanza na M), watafiti Owen na Jones waliielezea 1974 kwa utumbo wa binadamu. Seli za kawaida za utumbo ziko na brashi nzito ya vinywele juu, na ute mwingi unazifunika, bakteria hata kuzigusa ni kazi. Seli ya M haina hiyo brashi, ute juu yake ni kidogo, na chini yake imebonyea kama mfuko, ndani ya huo mfuko seli za kinga zimekaa zinangoja. Kitu ikimezwa juu inavushwa upande wa pili bila kusagwa sana.

Na haimezi ovyo ovyo tu. Mwaka wa 2009 kikundi cha Hiroshi Ohno kule Japani kilionyesha kwamba juu ya seli ya M kuna protini inaitwa GP2, na hiyo GP2 inashika FimH, protini iko kwa ncha ya vinywele vya E. koli na Salmonela. Cheza na hiyo picha kidogo: bakteria hutumia hivyo vinywele kung'ang'ania mwili, na mwili umeweka kishikio hapo hapo kwa ile kidole bakteria anategemea. Panya waliokosa GP2 walichukua hao bakteria wachache zaidi na kinga yao dhidi yao ikawa hafifu. Kwa hivyo hii si kosa la fundi, ni mtego umepangwa.

Upande wa kinga basi ni huu: usipoonja adui hutamjua. Seli za mfukoni zinachukua ile sampuli, zinaonyesha wenzao, na mwishowe inatengenezwa kingamwili ya IgA ambayo inarudi utumboni kuwafunika bakteria wasishike ukuta. Panya walioondolewa seli za M walichelewa kutengeneza IgA. Soja anaruhusu mgeni mmoja aingie ofisini kwa keateka aandikwe jina, ndio kesho ajulikane.

Lakini binamu ana haki yake, na hapa ndio sitaki kumdharau. Shigela, ile ya kuhara damu, haiwezi kuingia seli za kawaida kutoka juu, inapitia kwa seli ya M halafu inageuka kushambulia kutoka chini. Salmonela ni mjanja zaidi, ile ya panya imeonekana ikibadilisha seli za jirani ziwe za M, yaani inajijengea milango mingine. Na panya bila seli za M hawakuambukizwa prioni (protini mbovu zinazoharibu ubongo) kupitia mdomo. Ukitaka ushahidi kwa mwili wa mtu, uliza daktari wa upasuaji: taifodi, ambayo pia huletwa na aina ya Salmonela, ikiwa mbaya ikatoboa utumbo, tundu huwa mwisho wa utumbo mdogo, kwa mabaka ya Peyer.

Mimi naona hivi. Kama bakteria zingekuwa zinangoja huo mlango tu, ningekubali ufungwe, lakini kuna njia zingine, hata seli zingine za kinga hunyoosha mikono kati ya seli za ukuta zikachota bakteria zenyewe. Ukifunga mlango wa M unapoteza mafunzo na wezi wengine bado wanaruka ukuta. Hesabu yangu inaegemea kwa soja, ingawa kwa mtu anakunywa maji ya mkokoteni yenye hajui yametoka wapi soja anachoka, kila siku wageni mia.

Hiyo uchovu si stori ya mdomo tu. Watu wanatamani chanjo za kumeza zipitie huo mlango, na polio ya matone ilifanya kazi kubwa sana, lakini chanjo ya rota (virusi vya kuharisha watoto), nayo ya kumeza, ambayo Kenya ilianza 2014, ingawa inaokoa watoto, inafanya kazi chini huku kwetu kuliko Ulaya, na moja ya sababu zinatajwa ni utumbo ambao umeshambuliwa tangu utotoni.

Ndio nikakumbuka Julai 2025, kampeni ya chanjo ya taifodi, watoto wa ploti yetu miezi tisa hadi miaka 14 wamepanga laini, mmoja analia kabla hata hajaguswa. Ilikuwa sindano. Hiyo chanjo haipiti kwa seli ya M kabisa, inafundisha damu, na taifodi ikipita geti inakuta watu wamesimama nyuma ya mlango.

Nilimtumia binamu hiyo yote kwa meseji. Akajibu: "Kwa hivyo hata nyinyi mmeshindwa kuamini soja."