Mkulima wa Usangu naye aulizwe kuhusu umeme

Mimi ni mzaliwa wa Igurusi, wilayani Mbarali, katika bonde la Usangu mkoani Mbeya. Kwa sasa naishi Copenhagen, Denmark, ambako umeme ni mambo ya wananchi wenyewe. Baharini mbele ya jiji hili imesimama mitambo 20 ya upepo ya Middelgrunden, megawati 40, tangu mwaka 2000. Nusu yake inamilikiwa na ushirika wa watu zaidi ya 8,000, walionunua hisa kwa fedha zao. Nyuklia nayo ilipendekezwa hapa baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973. Wananchi wakabishana miaka na miaka, hadi Bunge likaiondoa kwenye mipango mwaka 1985. Si kwamba walipatia kila kitu, maana makaa ya mawe waliendelea kuyachoma kwa muda mrefu. Ila walisikilizwa.

Sasa tazama kwetu. Maji ya Usangu hupita ardhioevu ya Ihefu, yakaingia mto Ruaha Mkuu, yakashuka hadi Mtera na Kidatu, mabwawa ya umeme yenye megawati 80 na 204. Mpunga wetu na taa za Dar es Salaam vinategemea mto huohuo. Mgao wa umeme ukianza, kidole kinaelekezwa Mbarali: wakulima wamemaliza maji, wafugaji wameharibu Ihefu. Mwaka 2006 wafugaji wakahamishwa na ng'ombe wao. Lakini watafiti walioupima mto walishaeleza kwamba Mtera hujazwa hasa na maji mengi ya masika, si haya kidogo ya kiangazi tunayogawana kwenye mifereji. Hilo mzee yeyote wa Ubaruku, hukohuko Mbarali, angelisema, kama angeulizwa.

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitisha taftishi, yaani mikutano ya wazi, watu wakatoa maoni kuhusu bei. Ni jambo jema, nalithamini. Ila bei ni hatua ya mwisho. Swali la kwanza ni umeme utoke wapi, na hapo sisi hatumo. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, nalo hupokea maji ya Ruaha kupitia Rufiji. Ukame ukija, unayapiga yote kwa pamoja. Kwa hiyo jotoardhi ya Ngozi mkoani Mbeya, yaani umeme wa joto la chini ya ardhi, usiongoja mvua, inatuhusu sana. Mradi ukifika hatua ya kuzalisha, wana Rungwe na Mbeya Vijijini wauziwe hisa kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) zao, na mikutano ya vijiji ifanyike kabla mikataba haijasainiwa.