Siku Gavana Alipoteremka Kyela

Mjomba alinipigia simu usiku, analilia kakao yake. Kule kwao Kyela ukianika kakao uani hukosi wasamaria wa kuja saa nane za usiku kukusaidia kuianua.

"Mpwa wangu, nasikia unafuga mbwa wa Kizungu. Ni mkali?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli. Gavana ni buldogi, kilo 24, uso kama wa mtu aliyekuwa anakimbia akagota ukutani. Nilipewa na jamaa wa Dar ambaye joto lilikuwa linammalizia mbwa. Daktari wa mifugo alimweleza kwamba pua ya aina hii ni fupi mno, hewa inapita kwa kubanana, na mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi; anajipoza kwa kuhema. Sasa asiyeweza kuhema vizuri atajipoza na nini? Tafuta mtu wa kwenye baridi, akaambiwa. Mtu wa baridi ndiye mimi, mkazi wa Uyole, ambako mwezi wa saba hata kuku anatembea amejikunyata.

Ukali hana. Kazi yake ni kulala na kukoroma. Mimi ndiye mwenye kazi: kila asubuhi, kabla sijanawa, namfuta mikunjo ya uso mmoja baada ya mwingine kwa kitambaa chenye maji, kisha naikausha, maana unyevu ukibaki mle ndani ngozi inachubuka na harufu yake utadhani dekio la kilabuni. Mke wangu anasema tuna miaka 11 ya ndoa na yeye hajafutwa uso hata siku moja.

Lakini mjomba alisubiri jibu, nami nina ugonjwa wa kutopenda kuwaangusha watu. Nikamwambia, "Mjomba, hawa walifugwa Uingereza wapigane na mafahali."

Na ni kweli kabisa. Nilichoacha ni kwamba mchezo huo ulipigwa marufuku huko kwao mwaka 1835, na tangu hapo ukoo mzima umestaafu.

"Mlete," mjomba akasema.

Jumamosi alfajiri nikamvalisha Gavana sweta la shule la binti yangu, la kijani, nikamtia kwenye tenga la nyanya na kulifunika kwa kitenge. Konda akaliinua kidogo, akalishusha.

"Umebeba nini, kaka?"

"Mbegu."

"Mbegu zinapumua?"

Nikampa elfu tano, mbegu zikaacha kupumua. Tenga likaenda chini ya kiti cha nyuma, Coaster ikaondoka.

Tulipofika Isongole ukungu umeshuka hadi barabarani, madirisha yote yamefungwa, watu wamejifunika. Usiku wa jana Gavana alikuwa amekula ugali na kiporo cha maharage. Na buldogi anavyokula, anameza chakula pamoja na upepo, na ule upepo lazima urudi duniani kwa njia mojawapo.

Ulirudi Isongole.

Sitaieleza ile harufu. Nitasema tu kwamba mama mmoja alimfunua mwanawe, akamkagua, akamfunga tena huku ameshangaa. Kijana wa mbele akatazama soli za viatu vyake. Ndipo mzee mmoja aliyekaa mbele yangu, koti zito na kofia ya pama, akageuka nyuma kwa unyonge.

"Wanangu, mnisamehe. Natoka hospitali Mbeya. Daktari amenibadilishia dawa za tumbo."

Gari zima likamwonea huruma. "Pole, babu." "Ndiyo uzee, babu." Na mimi, kwa mdomo wangu huu huu, nikasema, "Pole sana, babu." Wakamhamishia mbele, dirishani. Kati ya hapo na Tukuyu Gavana alirudia mara tatu, na mara tatu mzee wa watu akaomba radhi.

Baada ya Tukuyu barabara inateremka na joto linapanda. Uyole tuko juu ya mita 1,700. Ziwa Nyasa hata mita 500 halifiki. Abiria walianza kuvua, mmoja koti, mwingine sweta, mwingine soksi. Kila mtu ndani ya gari alivua kitu isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa ndani ya tenga, na mwenye kazi ya kumvua alikuwa anasinzia kwa raha ya kutoshukiwa.

Mjomba alikuwa ameita majirani. Watoto walipandishwa juu ya mwembe kwa usalama wao. Nikafunua kitenge. Gavana akatoka na sweta lake la kijani, akapiga hatua nne, akalala kifudifudi, miguu imetapanyika, ulimi nje umeiva rangi ya zambarau, anahema kama msumeno unaokata gogo bichi.

Hapo utani uliniishia. Nikampigia daktari simu huku mikono inatetemeka. Vua hilo sweta, akasema, kivulini, maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, usimlazimishe kunywa. Mkaza mjomba hakusubiri nimalize. Alichukua ungo, akaanza kupepea. Watoto wakateremka mwembeni, kila mmoja na ndoo au kopo. Yule mama alimpepea mbwa karibu nusu saa bila kubadili mkono, mjomba pembeni anachuruzika jasho na hakuna aliyemkumbuka.

Taratibu ulimi ukarudi rangi ya waridi. Gavana akanyanyuka, akanywa maji, akajikokota hadi kwenye mkeka wa kakao iliyokuwa kivulini, akalala juu yake na kuanza kukoroma.

Mjomba alimtazama muda mrefu.

"Huyu ndiye anapigana na fahali?"

"Ndiye, mjomba."

"Fahali wa umri gani?"

Sijapata jibu, nikasikia hodi. Kumbe mjomba, kwa kuwa ni mtu wa kufuata taratibu, alikuwa amemwarifu mwenyekiti wa kitongoji kwamba leo anapokea mnyama wa hatari. Mwenyekiti akaingia polepole, kofia ya pama kichwani, koti zito begani, mfuko wa dawa mkononi.

"Shikamoo, babu," nikasema, sauti imekauka.

"Marahaba. Aa, si tulikuwa wote kwenye gari?" Akakaa. Akapewa maji.

Nikaona nijifanye mtoto mwenye adabu. "Tumbo linaendeleaje, babu?"

"Ajabu, mwanangu. Tangu nishuke garini, kimya kabisa."

Na Gavana, usingizini, akaachia.

Ua wote ukanyamaza. Mzee, kwa mazoea, akanyanyua mkono. "Wanangu, mnisa..." Akakatisha. Akamtazama mbwa. Akalitazama tenga. Akakitazama kitenge, maua yake anayakumbuka. Kisha akavua kofia, akaiweka gotini, akanigeukia mimi.

"Kijana, ile pole uliyonipa Isongole ilikuwa ya nani?"