Mteja Msumbufu Azuiwe Mlangoni, Kumbukumbu Ziachwe

Seva ya baruapepe iliyo wazi kwenye intaneti haikosi wageni wasioalikwa, na wengi wao ni programu zinazobahatisha nywila usiku na mchana. Nywila zikiwa imara, ni nadra wafanikiwe kuingia. Hatari inayopuuzwa ni kwamba kila jaribio lililoshindikana huacha mistari kadhaa kwenye kumbukumbu za seva, yaani mafaili inamoandika matukio yake (logs), na kumbukumbu hizo zikiijaza diski ambayo foleni ya barua nayo huitegemea, hata watumaji waaminifu huanza kujibiwa kwa msimbo 452, yaani nafasi imekwisha. Hakuna kufuli lililovunjwa, lakini huduma imesimama.

Wapo wanaokimbilia kupunguza uandishi wa kumbukumbu zenyewe. Siafikiani nao. Katika Linux, journald, programu inayokusanya kumbukumbu, huhesabu ujumbe wa kila huduma, na kikomo kikifikiwa hutupa unaofuata hadi muda uliowekwa uishe, bila kutofautisha habari za mvamizi na za mtumiaji anayetafuta barua yake iliyopotea. Ushahidi hutoweka saa ileile unapohitajika. Kuzitengea kumbukumbu sehemu yake ya diski ni lazima, wala hakuhitaji mjadala.

Kinachofaa ni kumbana mteja, yaani kompyuta inayounganika na seva, kabla hajaandikisha mistari mingi. Postfix, programu ya seva ya baruapepe, ina vikomo vya kasi ya miunganisho na vya majaribio ya kujitambulisha, ila thamani yake ya awali ni sifuri, ambayo hapo haimaanishi marufuku bali ruhusa isiyo na mipaka, na nashangaa ni seva ngapi zimeachwa hivyo. Kujitambulisha kwa nywila kufungwe kabisa kwenye poti 25, ambako seva hupokezana barua, kubaki 587 na 465 ambako watumiaji hutuma barua zao. Fail2ban, programu inayofungia anwani za wasumbufu, inasaidia, lakini kwa kawaida husoma kumbukumbu zilizokwisha kuandikwa, hivyo hufika baada ya tukio. Na kwenye IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, kufungia anwani mojamoja ni kazi bure, kwa kuwa mteja mmoja huweza kumiliki /64 nzima, yaani fungu kubwa mno la anwani.

Wanaohofia kumfukuza mtu asiye na hatia wakumbuke kwamba Postfix humkataa aliyezidisha miunganisho kwa msimbo 421, ambao ni wa muda: seva halali huhifadhi barua na kujaribu tena, na RFC 5321 ya mwaka 2008, waraka wa kanuni za kusafirisha baruapepe, inataka isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Hofu hiyo ina uzito kwenye poti 587 na 465 pekee, ambako ofisi nzima inaweza kuonekana kama anwani moja, na huko vikomo vilegezwe.